Binti asome kompyuta, au asome lugha ya nyumbani?

Swali hili lilizuka kwenye mkutano wetu wa AVEC, sanduku likiwa limekwisha kufungwa kwa kufuli zake tatu na kila mmoja amejifunga kitenge vizuri aende zake. Mama mmoja wa kikundi chetu hapa Masereka ana binti aliyepata diploma ya Serikali. Viazi vya msimu vimeuzwa, na makuta ya kuanzia masomo ya juu yapo, ingawa si mengi. Baba wa nyumba anataka kompyuta, maana anasema kila ofisi ya Butembo inatafuta mtu wa kompyuta. Binti anataka lugha. Kama ingekuwa Kiingereza, baba angekubali bila maneno mengi, kwa sababu wafanyabiashara wetu wanaokwenda Kampala na Dubai wanakihitaji. Lakini binti anataka lugha za Afrika, na hasa Kinande.

"Kinande?" baba akauliza. "Kile alichopewa bure na mama yake pamoja na maziwa, leo mimi nikilipie minerval?"

Tuliposimuliwa maneno hayo tulicheka sote. Mama mwenyewe hakucheka. Alituambia: ninyi mnaocheka, ingekuwa binti yenu mngefanya nini? Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwahidi kwamba tutauliza, tutasoma, na kwamba tutaandika katika gazeti letu hili la juma. Tumeuliza. Na jambo la kwanza tulilogundua ni kwamba swali lenyewe lilikaa vibaya. Ziko nchi ambako mwanafunzi mmoja husoma kompyuta na lugha ndogo ya babu zake kwa pamoja, katika chuo kikuu kimoja, na kupewa diploma moja.

Kabla hatujafika huko mbali, turudi kidogo nyumbani, kwenye miaka ambayo hakuna mmoja wetu aliyeisahau.

Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kutoka Mangina. Ilipotangazwa kwamba imekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuwa waliugua, na 2,287 kati yao walikuwa wamekufa. Kanda yetu ya afya ya Masereka ilikuwa mojawapo ya zile zilizofikiwa, pamoja na Beni, Butembo, Katwa, Kalunguta, Musienene na nyingine nyingi. Tunakumbuka ndoo za maji yenye klorini kila mlangoni. Tunakumbuka pia karatasi zilizobandikwa ukutani, nyingi zikiwa kwa Kifaransa, na nyingine kwa Kiswahili ambacho hata sisi tuliosoma tulikisimamia mbele kama mtu anayesimama mbele ya mlango asiojua kama unasukumwa au unavutwa. Mama mzee wa Kinande safi alipita bila hata kugeuza shingo. Halafu jioni watu walishangaa kwamba "wakazi hawataki kusikia."

Mwaka 2019 shirika la watafsiri, Translators without Borders, lilifanya uchunguzi Beni na Goma kuhusu jambo hili hili. Walichokuta hakitawashangaza. Watu hawakukataa kuelezwa. Walitaka kuelezwa zaidi, na kwa lugha yao. Maneno ya Kifaransa ya waganga yalichanganya watu, na Kiswahili cha vitabu si kile kinachosemwa sokoni kwetu. Watafsiri hao walitengeneza orodha ya maneno ya ugonjwa, ya kutafutia kwenye simu, na Kinande kilikuwamo. Mwaka 2020 wakaleta pia programu ya simu ya kujibu maswali ya watu kuhusu Ebola na Covid. Waliita jina lake Uji (ndiyo, kama ule wa watoto). Uji alijibu kwa Kifaransa, kwa Lingala na kwa Kiswahili cha Congo.

Kinande hakikuwa kati ya hizo tatu. Na hapa ndipo binti wa mama yetu anapoingia. Ili simu ijibu kwa Kinande, anahitajika mtu anayejua namna simu inavyofundishwa na anayejua namna Kinande kinavyofanya kazi ndani yake. Watu wa kwanza wako wengi Kinshasa, Nairobi na Ulaya. Watu wa pili wako wengi hapa kwetu, wengine wamekaa jikoni wakimenya viazi. Mtu aliye na vyote viwili ndiye adimu.

Sasa twende huko mbali. Kuna nchi inaitwa Ayalandi, kisiwa kando ya Uingereza. Sisi wakulima wa viazi tunapaswa kuijua, kwa sababu historia yake imeandikwa na mildiou. Ule ugonjwa unaotuchomea majani ya viazi usiku mmoja wa mvua na ukungu uliingia mashamba ya Ayalandi mwaka 1845. Watu maskini wa huko walikuwa hawana chakula kingine. Kwa miaka michache walikufa kiasi cha milioni moja, na zaidi ya milioni moja wakapanda meli wakaenda zao, wengi Marekani. Na waliokufa na waliokimbia walikuwa hasa watu wa vijijini upande wa magharibi, ambako lugha ya nyumbani ilikuwa Kiayalandi. Kiingereza kilikuwa tayari kimekuwa lugha ya shule, ya mahakama na ya kutafutia kazi. Baada ya njaa ile, wazazi wengi walionelea kwamba mtoto atakayepanda meli Kiayalandi hakitamfaa kitu. Wakaacha kumsemesha kwa lugha hiyo.

Tuliposoma hayo tulitazamana. Nani kati yetu hajamwambia mtoto wake "sema Kifaransa" mbele ya wageni?

Nchi ile ilipopata uhuru wake ilikirudisha Kiayalandi shuleni, na watoto wengi wanakisoma hadi leo. Tangu tarehe 1 Januari 2007 ni mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Hata hivyo watu wanaokisema kila siku nyumbani bado ni wachache. Sasa, katika chuo kikuu cha Trinity College, mjini Dublin, kuna masomo ambayo mwanafunzi huchukua mambo matatu kwa pamoja: kompyuta, elimu ya lugha kwa jumla, na lugha moja anayoichagua. Kiayalandi ni mojawapo ya lugha anazoweza kuchagua. Asubuhi anajifunza kuandika programu, mchana anasoma vitenzi vya bibi yake. Mtu akimwuliza baba wa huko kwa nini analipia lugha ambayo mtoto angeipata bure, anaweza kumwonyesha kazi iliyotoka humo.

Kazi moja ni hii. Katika chuo hicho hicho wametengeneza sauti za kompyuta zinazosoma Kiayalandi kwa kutamka. Mradi unaitwa ABAIR, neno la Kiayalandi lenye maana ya "sema!" Kipofu anaweza kusomewa, na mtoto ambaye mwalimu wake hatamki vizuri anaweza kusikia matamshi ya kweli. Tena hawakutengeneza sauti moja. Lugha yao ina lafudhi tatu kubwa, za kaskazini, magharibi na kusini, na kila lafudhi ilipewa sauti yake, ili mzee wa kusini asiambiwe na mashine kwamba anasema vibaya. Sisi tuliochekwa Goma kwa Kiswahili chetu cha Grand Nord tunaelewa thamani ya jambo hilo.

Kazi nyingine ni ya mtu mmoja, Mmarekani, Kevin Scannell, aliyefundisha hesabu na kompyuta katika chuo kikuu cha Saint Louis. Alijifunza Kiayalandi akiwa mtu mzima. Kisha akaandika programu za kusahihisha tahajia na sarufi ya lugha hiyo, na nyingine inayozunguka kwenye intaneti kama kuku anayeparua, ikiokota maandishi ya lugha ndogo popote yalipo. Imekwisha kuokota ya lugha zaidi ya 2,000. Mtu mmoja, lugha ya nyumbani, na kompyuta.

Mtasema: Ulaya wana makuta. Ni kweli. Basi tutazame karibu.

Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wa kompyuta walikaa pamoja na watu wa lugha, na walilazimika kukubaliana neno moja moja: faili liitwe nini, kufuta kuitweje, dirisha ni dirisha au kuna neno lingine. Ukiona leo kijana anasema "kipanya" akimaanisha kile kitu cha kushika mkononi, ujue kuna watu walikaa mezani wakabishana. Kenya, Chuo Kikuu cha Maseno pamoja na wenzake walikusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya ili mashine zijifunze, katika mradi wa Kencorpus. Kidholuo na Kiluhya ni lugha za nyumbani kama yetu, si lugha za taifa. Uganda, Makerere wanafanya kazi ya namna hiyo kwa Kiganda na lugha nyingine. Na jirani zetu wa Rwanda wamefanya jambo lililotushangaza zaidi: watu wa kawaida walisoma sentensi za Kinyarwanda mbele ya simu zao, wakazitoa bure kwa mradi wa Common Voice wa Mozilla, mpaka sauti zilizokusanywa zikazidi saa 2,000. Mtu mmoja anasoma, wengine wawili wanasikiliza na kusema kama alisoma sawa. Hakuna kazi inayofanana zaidi na kikundi cha wamama.

Lakini baba wa binti atauliza, na ana haki: kuna nini cha kusoma katika Kinande, ikiwa binti anakijua? Tulimpelekea swali hilo mwalimu mmoja wa lugha. Alichukua kalamu na kuandika neno moja la Kiswahili kwenye gazeti la zamani: hatukuwapelekea. Akatuuliza ni neno moja au maneno mangapi. Tukasema moja. Akalikata kama mtu anayekata muhogo: ha, ya kukataa; tu, sisi; ku, ya wakati uliopita; wa, wao; pelek, shina; e, ya kuonyesha kwamba ni kwa ajili ya mtu; a, ya mwisho. Kila mmoja wetu anatumia neno hilo bila kuwaza, na karibu hakuna aliyeweza kulikata mwenyewe.

Kisha akaeleza kwa nini hilo ni kazi ya kompyuta. Simu yenye Kifaransa inasahihisha maneno kwa kuwa na orodha ndefu ya maneno yote pamoja na maumbo yake. Kwa lugha zetu, orodha kama hiyo haiwezi kwisha, kwa sababu kitenzi kimoja kinaweza kuvaa nguo maelfu: hatukuwapelekea, hamkutupelekea, nisingekupelekea, na kuendelea mpaka usiku. Mashine inabidi ifundishwe kanuni za kushona, si kupewa nguo zilizoshonwa. Anayeweza kuandika kanuni hizo ni mtu aliyekaa darasani akasoma sarufi. Kukijua Kinande kwa mdomo hakutoshi, kama vile kula bugali kila siku hakumfanyi mtu awe fundi wa mashine ya kusaga.

Kinande kina ugumu wake zaidi ya Kiswahili. Kwanza, majina yake huanza kwa vokali: omundu, abandu, omukali, abakali. Ukiiambia kompyuta ipange maneno hayo kwa alfabeti bila kuifundisha kitu, itamweka mwanamke mmoja kwenye O na wanawake wengi kwenye A, mbalimbali kama watu waliogombana. Pili, Kiswahili kina vokali tano, Kinande kina saba. Kuna i mbili na u mbili, na sisi tunazisikia bila shida, lakini kwenye kibodi ya simu ipo i moja tu na u moja. Wataalamu huongeza alama ndogo chini ya herufi kuzitofautisha. Sisi tunapoandikiana ujumbe tunaziacha, na msomaji anakisia. Mtu hukisia vizuri kwa sababu anajua habari yenyewe. Mashine haijui. Tatu kuna toni, kupanda na kushuka kwa sauti, ambako hatuandiki kabisa.

Na mambo haya hayakugunduliwa na wageni peke yao. Prof. Kambale Kavutirwaki alitoa kamusi yake ya Kinande na Kifaransa mwaka 1978, ikachapishwa na jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Prof. Ngessimo Mutaka, mtoto wa kwetu, aliandika kitabu cha udaktari kuhusu toni za Kinande katika chuo kikuu cha Southern California, Marekani, mwaka 1990, kisha akafundisha miaka mingi Yaoundé, Kamerun. Mwaka 2011 wawili hao walitoa pamoja kamusi ya Kinande, au Kikonzo kama wanavyoita ndugu zetu wa Kasese, na Kiingereza. Katika vyuo vikuu vya dunia kuna watu ambao hawajawahi kuona mlima hata mmoja wa Lubero, lakini wanasoma toni zetu, kwa sababu ni za ajabu na zimeelezwa vizuri. Kwa hiyo binti hataanza kwenye kichaka. Njia ilikwisha kulimwa na wazee wake. Kilichobaki ni kupitisha kompyuta juu yake.

Kuna mfano mmoja mwingine, ambao tuliutafuta wenyewe na tunauona mzito kuliko yote. Ni majina yetu. Kwetu Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka ni wa tatu, Kakule ni wa nne. Masika ni binti wa kwanza. Kwenye kituo chochote cha afya hapa, ukifungua daftari la chanjo, utakuta Kavira kumi, Kasereka kumi na watano, Kahindo hawahesabiki. Halafu watoto wa nyumba moja hawana jina moja la ukoo la kuwaunganisha: mmoja ana jina la babu, mwingine jina la shangazi. Sasa fikirini mtu wa kompyuta aliyesomea mbali anatengeneza daftari la mashine. Kwake yeye, ndugu ni watu wenye jina moja la mwisho. Mashine yake itaona Kasereka watano wa umri mmoja na kudhani mtu ameandikwa mara tano; itafuta wanne. Na ndugu watatu wa tumbo moja itawaona kama watu wasiojuana. Wakati wa ugonjwa unaoambukiza, wakati wa kutafuta nani aligusana na nani, makosa hayo si ya karatasi tu. Mtoto wa Masereka aliyesoma kompyuta na lugha anayaona kabla hayajatokea, kwa sababu yeye mwenyewe ni Kavira au Mbambu na amekwisha kuitwa kwenye foleni akasimama pamoja na wengine watatu.

Tufike kwenye mambo ya nyumba. Hapa kwetu masomo hayo mawili hayakai chini ya paa moja kama kule Dublin. Butembo haikosi vyuo. Iko UCG, Chuo Kikuu cha Graben kilichoanzishwa mwaka 1989 wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko, iko UAC ya Waasumpsioni, uko ISP wa Muhangi, na Lukanga kuna chuo cha Waadventista. Lakini kwa desturi, lugha ziko upande wa ISP, kwenye kufundisha walimu, na informatiki iko upande mwingine, mara nyingi pamoja na biashara. Binti atabidi achague mlango mmoja wa kuingilia, na ule mwingine autafutie dirisha.

Mlango gani? Hapa tulibishana sisi wenyewe, na tunawaambia ukweli kwamba hatukumaliza tukiwa na sauti moja. Wengine wetu wanasema aanze na lugha, kwa sababu sarufi inahitaji mwalimu wa kukurudisha nyuma kila unapokosa, wakati programu anaweza kujifunza polepole kwa mashine na wenzake. Wengi wetu, na ndio maoni tunayoyaandika hapa, tunaona aingie kwa mlango wa informatiki na achukue lugha kama kazi yake ya kumalizia: kitabu chake cha mwisho wa masomo kihusu Kinande au Kiswahili chetu cha Congo. Sababu ni ya mfuko. Baba ataendelea kulipa kitu anachokiamini, na minerval inayolipwa kwa moyo mweupe hulipwa mapema. Tena umeme ukikatika na mashine ikaharibika, lugha inabaki kichwani. Lakini mtoto aliyekosa kushika mashine miaka mitatu ni vigumu kumrudisha.

Hata hivyo tusimdanganye mtu. Butembo imejaa vijana waliosoma informatiki wanaokaa kwenye vibanda vya bureautique, wakichapa barua za watu na kutoa fotokopi mchana kutwa. Tunawaheshimu, wanakula jasho lao. Lakini walidhani diploma ya kompyuta ni ufunguo wa kila ofisi, na ofisi zilikuwa chache. Na waliosoma lugha peke yake wengi wanasubiri mshahara wa mwalimu ambao hauji, na wazazi wanachanga. Kuunganisha mambo mawili hakutoi kazi kesho asubuhi. Kunamtoa mtoto kwenye foleni ndefu na kumweka kwenye foleni fupi. Mashirika ya kutafsiri, redio, miradi ya afya, hata kampuni za simu, wakitaka mtu wa Kinande na mashine, watauliza nani? Orodha ya majina haitajaza ukurasa.

Kuna upande wa sheria pia, ambao baba wa binti anaweza kuupenda. Katiba ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kinande hakimo. Lakini sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa au lugha za mahali kutumika katika kufundishia. Mwalimu wa darasa la kwanza hapa Masereka anayeanza kwa Kinande hafanyi kosa, anafuata sheria. Kinachomkosesha ni vitabu, na vitabu siku hizi hutengenezwa kwenye kompyuta, na kompyuta inapaka wino mwekundu chini ya kila neno la Kinande kana kwamba ni uchafu.

Tulimrudia mama yetu na hayo yote. Alisikiliza, akatuuliza kitu kimoja tu: mimi, nisiyejua kushika hata hiyo simu ya kupapasa, nitamsaidia nini mtoto katika masomo kama hayo? Tulimwambia kwamba sauti anazohitaji mtoto ni zake yeye na za mukaka wa nyumbani, kwa sababu watoto wetu wenyewe wamekwisha kuchanganya Kinande na Kifaransa na Kiswahili mpaka hawajui tena kilipoanzia. Neno la mimba, neno la uchungu wa kuzaa, neno la homa inayokuja na kwenda, majina ya magugu na ya udongo: hayo hayako kwenye kamusi yote, na wanaoyajua wanazeeka.

Kwa hiyo Alhamisi iliyopita, baada ya sanduku, binti alikuja na daftari na simu ya kaka yake. Wazee sita walikaa kwenye benchi la nje. Tulianza na maneno ya uzazi, kwa sababu hayo ndiyo muuguzi huyaita kwa Kifaransa na mama huitikia "ndiyo" bila kuelewa. Tulidhani itachukua nusu saa. Neno la kwanza, kondo la nyuma, lilichukua nusu saa peke yake: wazee wa hapa walikuwa na lao, na mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Beni alikuwa na lake, na kila upande uliona la wenzake ni la kuchekesha. Walipogeukia binti awaamulie, alikuwa amekwisha kuyaandika yote mawili, na pembeni ya kila moja ameandika kijiji cha aliyelisema. Baba yake alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, akijifanya anatengeneza gurudumu la chukudu. Akasema bila kugeuka kwamba mama yake marehemu alikuwa na neno la tatu.